UZI: Kambi ya jeshi ikifungwa, nani huamua kitakachojengwa hapo? Kisa cha viwanda vya mafuta Marekani, na sisi tunaoishi kando ya bomba la mafuta

KilimaMenengai (Nakuru)

Wadau, kila tarehe 14 EPRA, mamlaka ya kawi, ikishatangaza bei za mafuta, Nakuru nzima hugeuka wizara ya kawi. Wazo ninalolisikia sana siku hizi ni kwamba tujenge kiwanda kipya cha kusafishia mafuta ghafi, na kijengwe kwenye ardhi ya jeshi isiyotumika. Hoja yenyewe ni tamu: ardhi ni ya serikali, ua upo tayari, hakuna shamba la mtu la kufidiwa, kwa hivyo hakuna atakayelalamika.

Marekani walishalifikiria hilo, na waliolalamika hawakuwa wachache. Tarehe 27 Aprili 2005, Rais George W. Bush alisema nchi yake haijajenga kiwanda kipya cha kusafishia mafuta tangu 1976, akapendekeza vijengwe kwenye kambi za jeshi zilizofungwa. Petroli ilikuwa inapanda bei, na Wizara ya Ulinzi ilikuwa karibu kutoa orodha mpya ya kambi za kufunga. Ukiwa ofisini Washington unaona umemaliza shida mbili kwa mkupuo.

Sasa kaa upande wa mji wenyewe. Mji wa kambi huishi kwa mishahara ya askari: nyumba za kupanga, mikahawa, vinyozi, hata walimu wa shule. Kambi ikifungwa wateja wote wanaondoka. Ndiyo maana utaratibu wao wa kufunga kambi unawapa wenyeji nafasi ya kuunda chombo chao cha kupanga matumizi mapya ya ardhi, iwe uwanja wa ndege wa kiraia, chuo, karakana au nyumba. Watu hukaa kwenye mikutano miaka mingi wakibishana barabara ipite wapi. Halafu sauti inashuka kutoka juu: tutawaletea kiwanda cha mafuta.

Angalieni na tarehe. Mwezi mmoja tu kabla ya hotuba ile, tarehe 23 Machi 2005, kiwanda cha BP cha Texas City kililipuka. Mtambo mmoja ulikuwa unawashwa upya, mnara ukajazwa kupita kiasi, mafuta yakafurika na kuruka juu kupitia bomba la kutolea gesi, mvuke wake ukatambaa chini hadi ukakutana na moto. Watu 15 walikufa, na wote walikuwa ndani au karibu ya vibanda vya ofisi za muda vilivyowekwa jirani na mtambo. Zaidi ya 170 walijeruhiwa. Ukiletewa barua ya kiwanda wiki chache baada ya habari hiyo, utaitikia vipi?

Oktoba 2005, baada ya kimbunga Katrina, Bunge la Wawakilishi lilipitisha mswada wa kurahisisha ujenzi wa viwanda hivyo kwa kura 212 kwa 210, tena baada ya muda wa kupiga kura kurefushwa ili wanaosita washawishiwe. Mwaka wa 2006 likapitisha mwingine uliomtaka rais ateue angalau kambi tatu zilizofungwa. Yote miwili ilikwama kwenye Seneti.

Nauliza: hawa waliopinga walikuwa wabinafsi, au kuna kitu walikiona ambacho sisi hapa kando ya bomba hatujakiona?

Kijana_wa_Kondele (Kisumu)

Ubinafsi mtupu. Kila mtu anataka petroli, hakuna anayetaka moshi. Hapa Kondele kijana ana diploma ya umeme na anaendesha boda. Mletee kiwanda leo, kesho yuko langoni na vyeti. Nyinyi wenye mashamba Njoro na Rongai ndio mna nafasi ya kuchagua kazi kwa harufu yake.

Tena kwa kambi ya jeshi ndiyo afadhali zaidi. Ardhi yenyewe imeshamwagiwa mafuta ya vifaru na kupigwa mabomu. Ukiweka kiwanda hapo unaharibu nini tena? Ama mnataka kifyeke Msitu wa Kakamega?

Mzee_Changamwe (kwa sasa Kakamega)

Kijana, niruhusu. Nimefanya kazi kiwanda cha kusafishia mafuta cha Changamwe, Mombasa, nikiwa na nywele nyeusi. Kiwanda kile kilianza kusafisha mwaka wa 1963 na kikaacha 2013. Leo matangi yake yanatumika kama ghala tu, mafuta yanakuja nchini yakiwa yameshasafishwa.

Watu wanaongea kuhusu kiwanda cha mafuta kana kwamba ni posho mill. Mafuta ghafi yanapita kwenye tanuru hadi nyuzi zaidi ya 300, yanaingia kwenye mnara, yanajipanga: gesi juu kabisa, chini yake petroli, kisha mafuta taa na ya ndege, kisha dizeli, na chini kabisa yale mazito kama uji. Kazi ngumu ni kuyageuza hayo mazito yawe petroli. Mitambo ya kuyavunja ni ghali, na sisi hatukuwa nayo. Ndiyo maana tulibaki na mafuta mazito mengi ambayo soko halikuyataka kwa bei nzuri, huku meli zinaleta petroli iliyosafishwa kwa bei ya chini kuliko yetu. Wahindi wa kampuni ya Essar walinunua nusu ya kiwanda 2009 wakiahidi kukifufua, wakapiga hesabu zao, wakaondoka.

Kuhusu ajira sitakudanganya. Wakati wa mjengo watu ni maelfu: wachomeleaji, mafundi bomba, vijana wa mkono, mama wa chakula. Mjengo ukiisha wanabaki mia chache, na wengi wao ni watu wa kusoma geji kwenye chumba cha udhibiti. Kama diploma yako ni ya umeme una nafasi, ila usiwaahidi Kondele yote.

Na Nakuru mafuta ghafi yatoke wapi? Bomba letu linapandisha yaliyosafishwa. Yale ya Turkana ni ya nta, yakipoa yanaganda, lazima yapashwe moto njia nzima. Mwenye pesa zake atataka awe pwani, meli inafunga hapo hapo.

Mama_Free_Area (Nakuru)

Kwanza tuelewane, Lanet, kambi ya jeshi ya hapa Nakuru, si kambi iliyofungwa, jamani. Ni kambi hai, na tunaoishi Free Area tunaamka kwa mbio zao za asubuhi. Isije kesho mtu akasoma uzi huu akaanza kutuuzia ploti za "karibu na kiwanda". Madalali wa hapa mnawajua.

Kambi iliyokwisha kweli hapa Kenya ni ile ya Waingereza pale Kahawa, Templer Barracks. Walipoikabidhi, 1965 ikawa chuo, na leo ni Kenyatta University. Nimesomesha mtoto pale. Hebu nielezeni nani angekubali zile nyumba za askari zigeuzwe matangi ya petroli, halafu Githurai na Kahawa Wendani zikue kuzunguka hayo matangi?

Na huyu kijana anayesema ardhi imeshaharibika, aende Samburu, Archers Post, aulize wafugaji. Watoto wamekatwa mikono na mabomu yaliyobaki kwenye malisho baada ya mazoezi. Serikali ya Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 4.5 mwaka wa 2002, na waliolipwa walipita watu 200. Ardhi ya jeshi haiharibiki ikaisha. Inakaa inakungoja.

KilimaMenengai (Nakuru)

Mama Free Area umenigusia jambo nililokuwa nimeliacha.

> Ukiweka kiwanda hapo unaharibu nini tena?

Kondele, hiyo ndiyo hoja nzito kuliko zote za waliounga mkono, na sitaipita juu juu. Marekani kambi nyingi zilizofungwa zina uchafu ardhini. Kuna moja New Hampshire inaitwa Pease, ilifungwa 1991. Chini yake kulikuwa na viyeyusho vya kusafishia injini za ndege. Wenyeji hawakuikimbia. Waliifanya uwanja wa ndege na eneo la biashara, maelfu wanafanya kazi humo. Kisha 2014 kisima kimoja cha maji ya kunywa kikafungwa kwa sababu ya kemikali za povu la kuzimia moto, zile ambazo haziozi. Zaidi ya miaka ishirini jeshi limeondoka, na uchafu wake ndio kwanza unatokea bombani.

Sasa jaalia juu ya ardhi hiyo kungekuwa na kiwanda cha mafuta. Kisima kikichafuka, unamshtaki nani? Mwenye kiwanda atasema hii ni ya jeshi, tuliikuta. Jeshi litasema hii ni ya kiwanda, sisi tuliondoka zamani. Kila mmoja ana wakili na ripoti yake ya maabara. Wewe mwenye kisima una ndoo.

Owino Uhuru pale Mombasa hawakuwa na utata huo. Kiwanda cha kuyeyusha betri kilikuwa kimoja, kinajulikana, kimepakana na nyumba zao, madini ya risasi yako kwenye damu ya watoto. Phyllis Omido akapata Tuzo ya Goldman 2015 kwa kupigania kesi hiyo. Mahakama ya Mazingira ikawapa shilingi bilioni 1.3 mwaka wa 2020, kisha kesi ikapanda ngazi hadi Mahakama ya Juu. Ikiwa mkosaji mmoja anachukua miaka yote hiyo, wawili wanaorushiana lawama watachukua mingapi?

Kwa hivyo ardhi chafu, kwangu mimi, ndiyo ya mwisho kuwekea uchafu mwingine, mpaka wa kwanza uwe umepimwa, umeandikwa, na mwenyewe ametia sahihi.

Webuye_Asili (Bungoma)

Mimi niko kati ya mzee na kijana.

Webuye tulikuwa na kiwanda cha karatasi, Pan Paper. Asiyeijua harufu ile hakuwahi kupanda gari la Malaba. Abiria walikuwa wanafunga madirisha kabla hata ya kuona mji. Mabati ya nyumba yalikuwa yanaliwa na moshi, mpaka mtu akiezeka anaulizwa kama ameweka akiba ya kuezeka tena. Nzoia ilikuwa inapokea maji yao. Malalamiko yalikuwa ya miaka nenda miaka rudi.

Kilipofungwa 2009 unafikiri watu walisherehekea? Nyumba za kupanga zikabaki za popo. Maduka yakafungwa moja baada ya jingine, walioletwa na kazi wakarudi makwao, na wanasiasa wakapata ahadi ya kudumu: nichagueni nitafungua kiwanda. Waliokuwa wanalaani moshi asubuhi ndio walikuwa wanakwenda mikutano ya kuuombea urudi jioni.

Kwa hivyo sikubali mtu aseme wanaopinga hawajui njaa, wala aseme wanaotaka kiwanda hawajui sumu. Webuye tumeyajua yote mawili na kwa mtu yule yule. Shida yetu ilikuwa kwamba mji mzima ulisimama kwa kitu kimoja. Miji ya kambi kule Marekani naona ilikuwa vivyo hivyo: imetoka kwa mume mmoja anaitwa jeshi, inaambiwa iolewe mara moja na mwingine anaitwa mafuta, bila hata eda.

Kijana_wa_Kondele (Kisumu)

😂😂 Bila eda! Webuye umeniweza. Lakini umekubali kwamba mlitaka kirudi.

Webuye_Asili (Bungoma)

Nimekubali. Nilitaka kirudi na bomba la moshi lenye kichujio.

DerevaTangi (Kisumu)

Nyinyi mnaongea kuhusu kiwanda, mimi naongea kuhusu barabara. Popote utakapoweka matangi, malori yatafuata. Bomba linatoka Mombasa hadi Nairobi, Nakuru, Eldoret, na tawi la Kisumu linachepuka Sinendet. Kutoka depo hizo ni sisi: Busia, Malaba, Kampala, hadi Kigali.

Gati la mafuta la Kisumu lilikamilika 2018 ili meli zivushe ziwani tupunguze malori. Likakaa miaka bila kufanya kazi kwa kuwa ghala la upande wa Uganda lilikuwa halijawa tayari. Wakati huo wote foleni ilikuwa yetu. Ukijenga kiwanda katikati ya nchi bila kupanga kinachotoka, umejenga foleni.

Na watu wa Nakuru mmesahau Sachang'wan? 31 Januari 2009, lori limepinduka, watu wamekuja na mitungi, moto ukawaka. Zaidi ya 110 walikufa. Mimi nikipita pale kwenye kaburi la pamoja napunguza mwendo, hata kama nimechelewa. Kisha 2011 Sinai, Nairobi, bomba likavuja kwenye mtaro, wakafa wengine zaidi ya 100. Kote kuwili watu walikuwa wanachota petroli kwa sababu ni pesa. Kabla ya kuniambia kiwanda ni salama niambie umaskini wa jirani yake umeupangia nini.

Nyar_Rarieda (Siaya)

Hapa kwetu si mafuta, ni kinu cha nyuklia cha kuzalisha stima, lakini wimbo ni ule ule. Serikali ilianza na Uyombo kule Kilifi. Watu wa Uyombo wakakataa, 2024 polisi wakawapiga mabomu ya machozi. Sasa macho yamehamia Siaya, kando ya ziwa. Tunaambiwa ni bahati yetu.

Sijasema nakataa. Stima inahitajika na mimi si mtaalamu wa atomu. Kinachonikera ni mpangilio wa maneno. Baraza la kwanza tunaambiwa "tumekuja kuwauliza". La pili "tumekuja kuwaelimisha". La tatu ni la fidia. Kati ya kuulizwa na kuelimishwa sikuona mahali tulipojibu.

Wale wa Marekani walipinga hapo hapo, nafikiri. Mswada unasema rais atateua. Ukishateuliwa, maoni yako ni ya rangi ya lango.

KilimaMenengai (Nakuru)

Nyar, kuna mji ulipata nafasi ya kujibu, kabla ya haya yote, na ni New Hampshire hiyo hiyo. Unaitwa Durham. Mwaka wa 1973 tajiri wa meli Aristotle Onassis alitaka kujenga hapo kiwanda kikubwa cha kusafishia mafuta. Gavana alikitaka sana. Mawakala walikuwa wameshaanza kununua ardhi kimya kimya, wenyeji wakiambiwa sababu nyingine. Wakazi walipogundua waliunda kikundi, na Machi 1974 mkutano wa mji ulipiga kura: zaidi ya 1,000 walikataa, waliokubali hawakufika 200. Mwakilishi wao, Dudley Dudley (ndiyo, hilo ndilo jina lake), akapigania bungeni mji uwe na neno la mwisho, bunge la jimbo likawaunga mkono. Onassis akaondoka.

Hiyo haikuwa kambi ya jeshi. Ila nikisoma ile miswada ya 2005 na 2006 naona mtu aliyejifunza kutoka Durham. Ukitaka kukwepa kura ya mji, tafuta ardhi ambayo tayari ni ya serikali kuu.

Wakili_Pori (Eldoret)

Hapo mtoa uzi amefika penyewe, na hapa kwetu sheria ina mlango ambao wengi hawaujui.

Katiba, kifungu cha 62: ardhi inayokaliwa na taasisi ya serikali kuu, jeshi likiwemo, ni ardhi ya umma iliyo mikononi mwa serikali kuu, na Tume ya Ardhi ndiyo msimamizi. Lakini ardhi ya umma isiyokaliwa na taasisi ya kitaifa, kwa sehemu kubwa iko chini ya kaunti kwa niaba ya wakazi wake. Kwa hivyo jeshi likiondoka kweli, hoja ya kwanza mahakamani ingekuwa hii: ardhi sasa imeshikwa na nani? Mimi ningesimama upande wa kaunti. Serikali kuu nayo ingekimbilia kuipa wizara nyingine kabla lango halijafungwa. Hiyo ndiyo vita yenyewe, moshi ni wa baadaye.

Kisha kuna kifungu cha 42, haki ya mazingira safi, na cha 70 kinachokuruhusu kwenda mahakamani bila kuonyesha kwamba wewe binafsi umeumia. Lamu walitumia njia ya jopo la mazingira. Tarehe 26 Juni 2019 likafuta leseni ya mradi wa makaa ya mawe, sababu kubwa ikiwa umma haukushirikishwa ipasavyo. Leseni ilikuwa imeshatolewa na NEMA, mamlaka ya mazingira, na bado ilianguka.

Mzee_Changamwe (kwa sasa Kakamega)

Wakili umesema vyema. Mimi niongeze la kiufundi. Kiwanda kinakunywa maji, ya kupozea na ya mvuke, na maji hayo yakitoka yana mafuta, salfa na chumvi. Changamwe kuna bahari. Nakuru nini? Ziwa Nakuru halina mlango wa kutokea. Kinachoingia na mto Njoro kinabaki humo, kinakauka au kinaliwa na samaki na ndege. Atakayeleta ramani ya kiwanda Nakuru, mimi swali langu la kwanza ni mshale wa maji machafu unaelekea wapi. Akianza kuniambia kuhusu ajira, najua mshale unaelekea ziwani.

Kijana_wa_Kondele (Kisumu)

Mzee nimekusikia, na Kisumu pia ziwa ndilo maji yetu ya kunywa, sitajifanya sijui. Lakini mimi sirudi nyuma kabisa. Kikija kiwanda chenye kichujio, pesa za kusafisha zimewekwa benki kabla ya tofali la kwanza, na nafasi za mafunzo zimeandikwa kwenye mkataba, nitakuwa wa kwanza kwenye baraza kusema ndiyo. Na Mama Free Area atakuwa wa kwanza kusema hapana. Tupewe wote kipaza sauti.

Wakili, swali: hiyo tathmini ya mazingira huwa inatangazwa wapi? Maana sijawahi kuiona.

Wakili_Pori (Eldoret)

Gazeti rasmi la serikali, magazeti ya kila siku, na redio kwa lugha rasmi na lugha ya wenyeji. Ripoti yenyewe unaweza kuisoma ofisi ya NEMA ya kaunti. Ni kurasa mamia, kwa Kiingereza.

Mama_Free_Area (Nakuru)

Gazeti rasmi la serikali! Hapa Free Area hilo tunaliona likifungia mandazi. Ibandikwe kwa chifu na kwenye lango la soko, kwa Kiswahili, na ukurasa wa maji uwe wa kwanza.

DerevaTangi (Kisumu)

Na ramani ya barabara. Naingia kupakia, simu inabaki langoni. Nitasoma nikitoka.